Isale na Adabu ya Kujibizana

Msafiri atokaye Moshi kuelekea Arusha, akishaivuka mito iteremkayo kutoka mlimani, hufika Kwa Sadala kabla hajafika Boma Ng'ombe. Hapo njia huchepuka kupanda Masama, na hapo ndipo lilipo soko ambamo ndizi na maharage ya juu hukutana na mahindi na mbuzi wa tambarare. Wengi huliona soko hilo kwa dirisha la basi, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Mimi nimelijua tangu utoto, na nyuma ya mojawapo ya maduka yake ndiko nilikojifunza jambo ninalotaka kuwasimulia wasomaji wa visiwani, ambao kwa desturi ndio hutufundisha sisi wa bara habari za ushairi. Safari hii naomba nafasi niwe mimi mwenye kusimulia, ingawa ninalolisimulia ni kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2008 tulikuwa watu kumi na mmoja tuliopenda mashairi: fundi cherehani, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, dereva wa lori, karani mstaafu wa kahawa, muuza mbegu ambaye stoo yake ndiyo ilikuwa ukumbi wetu, na wengineo. Hatukuwa na jina, wala katiba, wala mweka hazina. Tulikuwa na kaunta buku moja la jalada gumu, aina ile ambayo wenye maduka huandikia madeni. Aliyetunga aliandika humo na kusoma kwa sauti Jumapili alasiri. Aliyetaka kumjibu alilichukua daftari nyumbani, akalirudisha Jumapili iliyofuata likiwa na jibu lake. Kanuni tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: jibu lifuate bahari na vina vya shairi linalojibiwa.

Kanuni hiyo hatukuibuni sisi. Ni urithi wa pwani, nami niliipenda kuliko wenzangu wote, kwa kuwa sikufundishwa ushairi katika shule yoyote. Mwalimu wangu alikuwa nakala kuukuu ya Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha Kaluta Amri Abedi kilichotoka mwaka 1954, ambayo niliinunua Moshi mjini kwa muuza vitabu vilivyotumika. Kwa kitabu hicho nilijifunza kuhesabu mizani kwa vidole, kama mtoto ahesabuvyo ndizi katika chane. Nikaijua tarbia ya mizani kumi na sita, nane ukwapini na nane utaoni, kama nilivyoujua mkondo wa mfongo uletao maji shambani kwetu. Kujua huko kulinipa furaha. Na, kama itokeavyo mara nyingi kwa watu waliojifundisha wenyewe, kulinipa pia kiburi cha bawabu.

Jumapili moja yule karani mstaafu, mzee aliyetuzidi wote kwa umri, alisoma shairi la beti sita juu ya mbuni uliokauka kihambani kwake. Alisema mbuni huo aliuotesha ungali mche, ukamzalia kwa miaka arobaini, ukamlipia karo za watoto, kisha ukafa wakati wa masika, mvua zikinyesha. Alisoma polepole, kwa lafudhi nzito ya Kimachame waliyo nayo wazee wetu. Katika ubeti wa nne kipande kimoja kilikuwa na mizani saba. Niliikosa ile ya nane kama mtu akosavyo jiwe la kukanyagia katikati ya mto.

Nikalichukua daftari. Niliandika beti kumi na mbili. Vina vyake nilivifuata vyote, na mizani yangu ilikuwa timamu. Nilimwuliza mzee ni nani aombolezaye mti ilhali jirani zake wamekwisha kung'oa kahawa na kupanda nyanya. Nilimwambia kuwa kipande chenye mizani saba ni mbuzi wa miguu mitatu, hakipati mnunuzi sokoni. Kisha, kwa kuwa nilijua hadhira hupenda kuondoka ikicheka, nikaiga lafudhi yake katika kibwagizo. Niliposoma, stoo ilijaa kicheko. Mzee naye alitabasamu. Akasema, "Nimesikia, mwanangu," akavaa kofia yake, akatoka. Jumapili iliyofuata hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu. Tulipokuwa tukifunga milango jioni moja aliniuliza kwa utulivu, "Hivi mama yule, mke wa mzee, tulimzika lini?" Sikuwa na la kujibu. Tulimzika katika masika ya mwaka uliotangulia, kihambani kwake, kama ilivyo desturi ya kwetu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Walikuwa wameishi pamoja miaka arobaini. Mbuni ulikuwa yeye. Nami niliyejiita mfasiri, mtu ambaye kazi yake yote ni kuuliza neno limebeba nini, nilikuwa nimehesabu mizani nisiusikie msiba.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini aliyejikwaa ulimi, kabla hajakubali kuwa amejikwaa, kwanza hulilaumu jiwe. Miezi ile nilijitetea, na utetezi wangu ulikuwa historia. Nilijiambia kuwa ushairi wa Kiswahili umekua kwa kutupiana maneno. Muyaka bin Haji wa Mombasa hakurushiana mashairi na watu wa Lamu, akiwamo Bwana Zahidi Mngumi, katika zama za uhasama ulioishia kwenye Vita vya Shela? Washairi wa Tanganyika hawakukabiliana katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923 na ambalo Shaaban Robert naye aliliandikia? Na waimbaji wa taarab, je, si wao waliokifanya kijembe kuwa sanaa? Kama hao wote waliumana na bado tunawaheshimu, kosa langu liko wapi?

Nilipoitazama vema historia hiyo, niliona kuwa ilikuwa ikinishitaki. Muyaka alimjibu hasimu aliyemkabili hadharani, mshairi kwa mshairi, mji kwa mji. Washairi wa magazetini, hata waliokuja kupigana, aghalabu walibisha hodi kwanza: ubeti wa mwanzo ulimwomba mhariri nafasi, wa pili ukampa salamu yule anayejibiwa, ndipo hoja ikafuata. Nami nilikuwa nikizichukulia beti hizo kuwa maneno ya kujaza ukurasa, nikazidharau. Kumbe zilikuwa mlango. Aliyebisha hodi amekiri kwamba nyumba ina mwenyewe. Tena aghalabu aliyejibiwa kwa ukali alikuwa ametega: ametoa fumbo na kuuliza nani wa kulifumbua, au ametamba na kuuliza nani wa kumkabili. Mzee wetu hakutega wala hakutamba. Alikuwa analia, na kwa staha ya mwanamume wa rika lake alilia kupitia mti.

Hata ile kanuni ya kujibu kwa vina vya mwenzio nilikuwa nimeielewa nusu. Naamini wakale waliiweka ili mjibu alazimike kukaa katika nyumba ya mwenzake kabla ya kuihukumu. Huwezi kufuata vina vya mtu usipomsoma neno kwa neno. Kanuni ilinipeleka hadi ndani ya nyumba ya mzee. Mimi nikapima kuta kwa futi nikatoka, nisitazame ni nani aliyekuwa amelala chumbani.

Na lile la lafudhi lilikuwa baya kuliko yote. Sisi wa mlimani tuna lugha nyingi zinazoitwa kwa jina moja la Kichagga, na mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakizungumza kila mmoja kwa kwao hawasikilizani vizuri. Miaka ya 1950 Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, Komkya, na mwaka 1961 likaja Kusare. Majina yalikuwa ya kwetu lakini lugha ilikuwa Kiswahili, na humo wasomaji waliandika barua za kujadiliana juu ya ardhi, utawala, na mwenendo mwema. Kiswahili kilikuwa baraza ambamo yeyote angeweza kukaa bila kuulizwa ametoka mteremko gani. Nilipomcheka mzee kwa namna anavyolitamka neno, nilikuwa nikimwambia aondoke barazani. Naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, aliondoka.

Nilitunga shairi la kuomba radhi. Lilikuwa refu, lenye vina vizuri, nami nilimpelekea kwa mkono wa dereva wa lori. Mzee alilipokea, akashukuru, asijibu. Nilimlalamikia shangazi yangu, ambaye hakuwahi kusoma diwani hata moja. Akanitazama kama mtu atazamavyo mgeni. "Unamwomba msamaha kwa kile kile ulichompigia?" akauliza. "Chuma isale."

Naomba hapa niwaeleze wasomaji ambao hawajafika kwetu. Isale, ambayo wengi huiita kwa wingi wake, masale, ni mmea wa majani marefu ya kijani uliopandwa kwenye mipaka ya vihamba. Ndio uoneshao shamba la nani linaishia wapi, na ndio upandwao makaburini. Na ndilo jani ambalo aliyekosa hulipeleka, au hulituma kwa mkono wa mzee, kwa yule aliyemkosea. Likishafika, maneno mengi hayahitajiki. Aliyeletewa isale hapaswi kuikataa. Anaweza kusema uchungu wake, lakini mlango hawezi kuufunga. Nimewahi kujiuliza kwa nini jani la mpaka ndilo lililokuwa jani la msamaha. Leo naona sababu: akuombaye radhi hukurudishia mpaka alioupita.

Nilikwenda na muuza mbegu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwenye nyumba siku kosa lilipotendeka. Mzee alitukaribisha chini ya migomba. Alilipokea jani, akaliweka gotini, akakaa nalo kitambo. Kisha akasema, "Beti zako zilikuwa nzuri. Ndiyo maana ziliniumiza. Za mjinga nisingezisikia." Mimi nilisema neno moja tu, samahani, na kwa mara ya kwanza sikutafuta la kuliandamana nalo kwa vina. Akaagiza iletwe mbege. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza kata ile ile atakayompa mgeni, ili mgeni ajue kuwa kilichomo hakina sumu. Mzee alionja, akanipa. Nilipoirudisha kata, akasema, "Basi andikeni kanuni zenu. Si za mizani. Za watu."

Tulikaa Jumapili tatu kuziandika. Nilikuja na orodha ndefu, kwa kuwa mkosaji aliyesamehewa huwa mkali kuliko hakimu. Nilitaka siasa ipigwe marufuku, na dini, na habari za ndoa za watu. Mwalimu alikataa. Alisema kuwa siku ile hakuna mada iliyomdhuru mzee. Aliyemdhuru alikuwa mtu. "Mkikataza mada," alisema, "mtakaonyamazisha ni wale wenye jambo la kusema. Wenye kejeli watakejeli hata juu ya maua." Nilishindwa hoja, na nashukuru nilishindwa. Tangu hapo nimeona mara nyingi kwamba marufuku ya mada humfaa mwenye nguvu, ilhali adabu ya kujibu humfaa kila mtu.

Zilizobaki zilikuwa chache. Ya kwanza: kabla hujajibu shairi, sema kwa maneno ya kawaida limesema nini, mpaka mwenyewe akiri kwamba ndivyo. Ya pili tuliiita kanuni ya kata: jibu huonjwa kwanza, yaani mwenye kujibiwa hulisoma peke yake kabla halijasomwa mbele ya watu, naye ana haki ya kusema lisubiri. Ya tatu: mizani ya mtu husahihishwa akiomba, lafudhi ya mtu haisahihishwi kamwe. Ya nne: anayetaka mashindano atangaze kuwa anatega, na asiyetega asitegwe. Ya tano: shairi la msiba hujibiwa kwa pole au kwa kimya.

Hazikwenda zote sawia. Kanuni ya kwanza iliwachosha vijana. Wawili walituacha wakisema tumegeuza ushairi kuwa darasa la ufahamu, na hawakurudi. Tukakubaliana kwamba kuliko kueleza shairi zima, mjibu aeleze ubeti ule tu anaoujibu. Kanuni ya kata nayo ilizua hofu kuwa waoga wataitumia kuzima kila ukosoaji. Haikuwa hivyo. Katika miaka yote niliyoshuhudia, ni mara mbili tu mtu alisema jibu lisubiri, na mara zote mbili mwenye kujibu alipolisoma tena aliona mwenyewe alipokosea. Wengi walipokwisha kuonjeshwa walicheka wakasema, soma, nami nitakujibu. Majibizano hayakupoa, nathubutu kusema yalipamba moto zaidi, kwa kuwa anayejua kuwa hatadhalilishwa huthubutu kusema makubwa.

Nilifikiri pia juu ya mabishano ya miaka ya 1970, baada ya Mulokozi na Kahigi kutoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973 na Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka uliofuata. Wanamapokeo walisema kisicho na vina na mizani si shairi. Wanausasa wakasema vina na mizani havitoshi kulifanya neno kuwa shairi. Nilipokuwa kijana niliona ni lazima nichague jeshi, nikachagua la vina. Siku hizi mabingwa wa pande zote mbili wamepangwa katika rafu moja nyumbani kwangu, na vumbi linalowaangukia ni moja. Bado napenda vina. Lakini mzee alinifundisha kwamba mtu anaweza kuwa na mizani kamili asiwe na sikio, na mwingine akapungukiwa na silabi moja huku moyo wake umetimia.

Kanuni ya sita aliisema mzee mwenyewe, siku aliporudi stoo. Alitaka iandikwe kwamba aliyekosa akileta isale apokelewe bila masharti, na jambo lile lisisemwe tena wala lisitungiwe, ila kwa idhini ya aliyekosewa. Nikaona ni wakati mwafaka wa kuondoa aibu yangu. Nikashika ule ukurasa wenye beti zangu kumi na mbili nikitaka kuuchana. Mzee akaniwekea mkono juu ya daftari. "Acha," alisema. "Ukiuchana, wajao watadhani sisi hatukuwahi kukoseana. Wakikoseana wao, watadhani wamevunja kitu kisichowahi kuvunjika." Ukurasa ukabaki. Chini yake alibandika lile jani, lililokwisha kukauka, kwa gundi ya ugali.

Mzee alifariki mwaka 2017, akazikwa karibu na mkewe. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimemwomba idhini ya kusimulia habari hii, naye akaitoa kwa sharti moja: nianze na kosa langu, si na la kwake. Nimetii.

Maji ya Weruweru na Kikafu huteremka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata Mto Pangani mpaka baharini, yakatazamane na visiwa vyenu. Misafara ya karne ya 19 ilipanda kutoka pwani ile ile, na Kiswahili kilipanda nayo. Sheria za vina na mizani nazo zilitoka huko huko kwenu. Tumezipokea, tunazitunza, na tukizikosea tukosoeni. Nilikuwa na deni la kurudisha kitu, na kutoka kwetu sina kingine cha kuteremsha ila jani. Watu wowote wakaao pamoja kwa ajili ya maneno watahitaji kanuni za kusema. Lakini hawatadumu kama hawana njia ya kurudiana siku kanuni zinapovunjwa, maana zitavunjwa.

Daftari lipo bado kwa muuza mbegu, sasa likiwa la tatu kwa mfululizo, na la kwanza limefungwa kwa kitambaa. Nimewahi, nikiwa peke yangu, kulifungua kwenye ubeti wa nne wa shairi la mbuni. Neno la kuitimiza mizani ya nane nilikwisha kulipata siku nyingi. Sijaliandika. Kipande kile kina mizani saba hadi leo, na hakuna aliyekigusa.